Ukigeuza lugha chumbani, tafsiri

Mwaka wangu wa kwanza chuoni tulipangwa wanne chumbani: Mluo, Mkikuyu, Mkalenjin na mimi Mtaita. Ilikuwa Septemba 2007. Tulipika pamoja kwa jiko la koili tulilolificha chini ya kitanda kila msimamizi wa hosteli alipopita, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa ni zamu ya nani kuosha sufuria.

Desemba ukaja uchaguzi mkuu wa Kenya, na ghasia za kikabila zilizofuata mnazijua. Chuo kilipofunguliwa, kwa kuchelewa, hakuna aliyemrukia mwenzake. Tulisalimiana vizuri, tena vizuri kupita kiasi. Kilichobadilika ni lugha. Mgeni wa huyu akiingia, maongezi yanageuka Kikikuyu; wa yule akija, Kijaluo. Sisi wengine tunashika vitabu tusivyovisoma. Mtu akicheka, usiyeelewa unajiuliza anachekwa nani. Mkalenjin wetu akahamia bloku nyingine. Hakusema kwa nini, nasi hatukumuuliza, na hilo la kutouliza linanikera mpaka leo.

Nami sikuwa malaika. Jioni moja niliongea na mama kwa simu, Kitaita kitupu, nikacheka hadi machozi. Kukata simu, mwenzangu Mluo amekunja uso: “Ulikuwa unatusema?” Kumbe mama alikuwa akinisimulia mbuzi wa jirani aliyeingia kanisani katikati ya mahubiri akaanza kula maua ya madhabahuni. Nikamsimulia kisa chote kwa Kiswahili. Alicheka kuliko mimi.

Tangu siku hiyo ushauri wangu kwa makomredi, yaani wanafunzi wa vyuo, ni huo mmoja: tafsiri. Sikwambii uache lugha yako. Shule ya msingi tulivishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama, na tulichojifunza ni kunong’ona tu. Ongea, ila asiyeelewa akiwapo, mpe sentensi mbili za Kiswahili aingie kwenye maongezi. Na ukiwa wewe ndiye usiyeelewa, uliza mapema, kabla hujajijazia mwenyewe.

Chakula nacho kina lugha yake. Omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria wanaopendwa na Waluo, ikikaangwa chumba chote kinanuka, sikatai, lakini mzaha wa omena unapendeza siku mbili. Ya tatu ni matusi. Onja kwanza, halafu tutaniane.

Vikundi vya WhatsApp vya wanafunzi wa kaunti moja sivipigi vita. Ukifiwa, ndivyo vinavyokuchangia nauli usiku huohuo. Shida ni mwanafunzi mpya kuingia humo wiki ya kwanza na asitoke hadi kufuzu: anakaa na watu wa kaunti yake, anafanya nao kazi za kikundi, anapiga kura nao. Sheria ya vyuo vikuu iliyorekebishwa 2016 iliondoa kura ya moja kwa moja ya viongozi wa wanafunzi. Wanafunzi huchagua wajumbe, wajumbe ndio huchagua viongozi. Kwa maoni yangu ukabila haukufa hapo, ulihamia kwenye vikao vya usiku vya wajumbe. Mgombea akikujia kwa lugha ya mama pekee, mwombe arudie sera zake kwa Kiswahili mbele ya wenzako wa chumba. Utaona zinavyopungua.

Mkalenjin wetu nilimtafuta miaka mingi baadaye, nikamwomba radhi. Alisema alidhani sisi ndio tulitaka ahame. Yule Mluo naye, kila akinipigia, kabla hata ya salamu huuliza kama yule mbuzi ameshaokoka.