Usiku wa Ijumaa ni upi?

Msomaji mmoja ameniandikia. Mayai yake yalivunwa mwezi uliopita, yakarutubishwa maabara, viinitete 4 (mimba changa kabisa) vikagandishwa, na tangu hapo halali. Anataka kujua apandikizwe mwezi huu huu au asubiri. "Dada, naogopa vitazeeka huko."

Havizeeki, mwenzangu. Vimo ndani ya naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, huko hakuna kinachosogea. Changu kiligandishwa nikiwa na miaka 35, nikakipokea nina 37, na umri wake ulibaki ule wa siku ya kuvunwa mayai. Subiri hedhi irudi, ovari zipoe. Mwezi mmoja hautakunyang'anya kitu.

Najua kusubiri kunavyouma. Mimi nilitolewa mayai 21, tumbo likavimba kama la miezi sita, daktari akakataa katakata kupandikiza chochote. Nililia nikimwona ananinyima mtoto wangu. Kumbe mimba ikishika juu ya ovari zilizovimba vile, uvimbe huzidi, na ningeishia wodini. Viinitete vitatu vilifika siku ya 5 ya kukua maabara, vyote vikaenda kwenye barafu.

Mzunguko wa kwanza haukufika popote. Baada ya siku 12 za vidonge vya estrojeni, homoni ya kunenepesha ukuta wa mji wa mimba, unene wake ulikuwa milimita 5.8, na wao walitaka angalau 7. Tukaghairi. Miezi iliyofuata siisimulii, ilikuwa vidonge na mashine ya picha tu.

Mara ya pili ukuta ulinenepa vizuri. Nesi akanitumia meseji: "Anza progesteroni usiku wa Ijumaa."

Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu usiku hutangulia mchana, na usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jua likishatua, watu wanaposoma Yasini. Nikaswali Isha, nikatandika taulo kitandani, nikaingiza kidonge cha kwanza, na moyoni nikaona ni baraka kuanza usiku kama ule. Nesi wangu, mtu wa bara, alikusudia Ijumaa jioni.

Siku moja ina nini? Progesteroni ndiyo inayougeuza ukuta uwe tayari kumpokea mgeni. Kiinitete cha siku 5 kinatakiwa kikute ukuta uliokaa na dawa hiyo siku kama 5, ndiyo maana wengi huingiziwa siku ya 6 ya progesteroni. Cha siku 3 huingizwa mapema zaidi. Hesabu yote inaanzia kidonge cha kwanza. Jumatano ile nililala kwenye kitanda cha kliniki kupandikizwa, kibofu kimejaa maji, nikiwa siku ya 7, na hakuna aliyeniuliza nilianza lini. Siku 11 baadaye damu ikapimwa. Hakuna kitu.

Niligundua mwenyewe, nikipekua daftari langu. Daktari alisema huenda siyo sababu, maana viinitete vingi hukwama kwa kasoro ya kromosomu hata siku ikiwa sahihi. Nimemsikia. Lakini kliniki haikuniomba hata radhi, waliniambia nimeelewa vibaya. Nimeelewa vibaya nini? Nimeelewa Kiswahili!

Basi nisikilize. Usikubali "usiku" wala "saa 12". Dai tarehe, dai asubuhi au jioni, umrudishie nesi kwa maneno yako mpaka aseme ndiyo. Andika. Weka kengele ya simu. Siku ya kupandikizwa, kabla hujapanda kitandani, sema kwa sauti: nilianza tarehe fulani, saa fulani. Wakikuona msumbufu, wakuone. Sisi wanawake tumefunzwa kunyamaza mbele ya koti jeupe, na kunyamaza kwangu kumenigharimu.

Na kama hedhi yako haina matatizo, uliza kuhusu mzunguko wa asili, ambapo siku huhesabiwa kutoka yai lako lenyewe linapopevuka. Mimi hedhi yangu huja ipendapo, sikuwa na chaguo. Watakutajia pia kipimo cha kukata kinyama cha ukuta ili wakutafutie siku yako. Mimi nilikikataa. Utafiti uliochapishwa 2022 katika jarida la JAMA la Marekani ulikuta waliopangiwa siku kwa kipimo hicho hawakuzaa zaidi ya waliofuata ratiba ya kawaida. Bora ununue maziwa.

Mara ya tatu nilianza jioni, tarehe 14, saa moja, mume wangu ameshika saa kama refa. Mamamkwe humwita binti yetu "mtoto wa friji", nami siku hizi nacheka.

Kiinitete cha tatu bado kiko huko. Ankara ya kukihifadhi mwaka mwingine ilikuja juzi, tukalipa.