Udongo wa pemba siachi na damu haipandi, nifanyeje?

SWALI: Habari dada, mi nakaa Mbagala nina mimba ya miezi mitano. Juzi kliniki wamepima damu wakakuta HB, yaani wingi wa damu, ni 9.6, nesi akanipa vile vidonge vyekundu akasema nile vizuri, sasa kula vizuri ndo kupi jamani na hela yenyewe hii? Asubuhi nakunywa chai ya rangi na chapati, dawa namezea hapohapo nisisahau. Mchana ugali na mchicha, usiku wali maharage na chai tena. Halafu nisikufiche, pemba, ule udongo wa kutafuna, nakula, kwenye pochi haikosi, wifi anasema inaongeza damu maana ina madini. Mama mkwe naye kapiga marufuku mayai eti mtoto atazaliwa hana nywele.

JIBU: Hongera mama kijacho. Mi naona chakula chako si kibaya kihivyo, shida ni chai na hiyo pemba.

Chai ya rangi inazuia mwili usichukue madini ya chuma, sasa wewe unameza kidonge cha chuma kwa chai, hapo si unajaza ndoo iliyotoboka? Kidonge meza kwa maji, na chai isogeze iwe lisaa limoja au mawili mbali na chakula na dawa. Ukipata chungwa au juisi ya ubuyu ndo umemezea hapo vizuri zaidi, maana vitamini C inasaidia chuma kiingie mwilini. Na kwenye mchicha ukishaepua kamulia limau, kwa sababu chuma cha mboga za majani na maharage mwili unakichukua kwa shida kikiwa peke yake. Tupia na dagaa hata kiganja kimoja, wale wadogo unaotafuna na miba yake, unapata chuma na kalisiamu humohumo. Maini mazuri ila kwa mjamzito usiyageuze mboga ya kila siku, yana vitamini A nyingi mno na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto, hasa miezi ya mwanzo.

Kuhusu pemba, wifi yako anakupenda lakini hapo kakupoteza. Udongo ukifika tumboni unanasa chuma chako badala ya kukuongezea, na unaweza kuja na mayai ya minyoo, na kuna udongo uliowahi kupimwa hapa nchini ukakutwa na arseniki na madini ya risasi. Najua hamu yake sio mchezo, wala si tabia mbaya, mara nyingi ni hukohuko kupungukiwa damu, ikipanda na hamu inashuka. Mwambie nesi ukweli kwamba unakula, na uulize kama umeshapewa dawa ya minyoo. Pochini weka karanga.

Mayai kula, yaive mpaka kiini kigande. Nywele za mtoto hazihusiani kabisa na yai, mama mkwe mwambie nesi ndo kaagiza, usibishane naye.

Kwa kawaida kliniki wanataka HB ifike walau 11, kwa hiyo rudi tarehe waliyokuandikia wapime tena. Ukiona moyo unaenda mbio umekaa tu, au pumzi inakata, usisubiri tarehe.

SWALI: Mke wangu kila akimeza FEFO, vile vidonge vya chuma vya kliniki, anatapika, na choo kinatoka cheusi tii, naogopa. Baba kijacho, Tanga.

JIBU: Weusi huo ni chuma chenyewe, kawaida kabisa, ila kikiwa kinanata kama lami na kunuka vibaya mpeleke hospitali. Kutapika, ajaribu kumeza usiku akishakula, karibu na kulala. Choo kikiwa kigumu maji mengi na papai. Ikishindikana arudi navyo kliniki, wanaweza kumbadilishia aina nyingine, ila asiwe anavitupa kimyakimya halafu anakwambia anameza, hiyo wengi wanafanya.