Windows 11 ukiwa na foleni dukani: yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza uhamie Windows 11 au ung'ang'anie 10, maana umesikia sura imebadilishwa. Mimi nina steshenari hapa Mtwara mjini. Nilihama Oktoba 2025, Windows 10 ilipofikia mwisho wa apdeti za kawaida tarehe 14. Sasa Oktoba huku kwetu ndiyo korosho zinaanza kwenda mnadani. Wakati mbaya kuliko huo sijui kama upo.

Mteja wa kwanza asubuhi alikuwa karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima: flashi mkononi, faili 12 za Word zenye majina ya wakulima, na gari lake la kurudi Nanyamba linapakia. Kazi hiyo huwa naifanya huku napiga soga. Nachagua faili zote, nabonyeza kulia kwenye mausi, Print, basi. Siku hiyo menyu ikafunguka fupi, nadhifu, Print haimo. Nikaanza kufungua faili moja moja kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Kaka, mashine imeharibika?"

"Hapana, imeboreshwa."

Alicheka peke yake.

Baadaye ndiyo nikagundua Print haijafutwa, imefichwa chini kabisa kwenye "Show more options". Ukishikilia Shift huku unabonyeza kulia, menyu ya zamani inakuja moja kwa moja. Hilo peke yake liandike kwenye karatasi ulibandike ukutani.

Kitufe cha Start nacho wamekipeleka katikati. Ningevumilia, ila hakitulii! Kila ukifungua programu, alama zinaongezeka na chenyewe kinasogea kushoto. Mkono umezoea kona ya chini kama unavyojua swichi ya taa kwako, halafu mtu anakuhamishia swichi kila jioni. Dawa yake: bonyeza kulia kwenye ule mstari wa chini, ingia "Taskbar settings", kisha "Taskbar behaviors", pale kwenye "Taskbar alignment" weka Left. Kinarudi kwenye kona.

(Tena hili si geni. Windows 8 ya mwaka 2012 walikiondoa kabisa, watu wakapiga kelele, 8.1 mwaka uliofuata wakakirudisha.)

Binti anayenisaidia dukani haoni tatizo lolote. Yeye kompyuta kaikuta hivyo hivyo, hana cha kusahau.

Kwa hiyo hama, ila kwanza kagua mashine. Kama prosesa yake ni Intel ya chini ya kizazi cha 8, au mashine haina TPM 2.0 (kile kifaa cha usalama cha ndani), haijatimiza masharti ya Windows 11. Fundi anaweza kukuwekea kwa ujanja, lakini apdeti hazina uhakika. Na usihame msimu wa korosho, subiri Machi, ufanye Jumapili duka limefungwa.

Yule karani gari lilimwacha. Kopi zake sikumtoza.