Ukishuka Kutoka Moroto, Mbona Unakuta Jangwa?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori hapa Mbale. Juzi nilipeleka mahindi Lodwar, Kenya, kupitia Moroto na Lokiriama. Alfajiri Moroto nilivaa koti. Usiku Lodwar nililala nje na shuka sikulitaka. Jua si ni lile lile? Na Ziwa Turkana liko karibu, mbona mvua hakuna?
Msomaji, Mbale

JIBU: Ndugu yangu dereva, breki zako zimeshakujibu nusu. Mji wa Moroto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Lodwar kama 500. Hewa kavu ikishuka mita 100 huongezeka joto nyuzi 1 hivi. Piga hesabu: nyuzi 9 za mteremko peke yake!

Kuhusu mvua, mwenye kesi ni upepo. Unatoka Bahari ya Hindi, ukifika kule unabanwa kati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya, basi unakwenda mbio kama maji chini ya daraja jembamba. Wingu la mvua linataka hewa ipande. Hii inakimbia chini kwa chini na kupita na unyevu wake. Lodwar hupata milimita 200 hivi kwa mwaka, Kampala zaidi ya 1,200. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Loiyangalani, upepo huo huo unazungusha mitambo 365 ya umeme. Na Ziwa Turkana halijazwi na mvua ya pale: maji yake mengi mno huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia.

Lakini usiseme kule hakuna kitu, huniumiza. Nilipopita Lokiriama nikiwa kijana, nilimkuta mama ndani ya mto mkavu, amechimba mchanga hadi kimebaki kichwa tu. Alichota kwa kibuyu, akamwaga maji ya kwanza yenye tope, akangoja. Ya pili yalikuja meupe, ya baridi. Alininywesha mimi kabla ya mbuzi wake. Mto ule hukauka juu tu. Chini ya mchanga, ambako jua halifiki, maji yapo.

Kwa hiyo usiku usiegeshe lori kwenye mchanga ule, hata nyota ziwe zinawaka. Mvua ikipiga milimani, maji hushuka kwa ghafla, na pale ulipo hutasikia hata tone.