Ndiyo, Jumapili tunatoka: jibu kwa mnaoniuliza kuhusu Ujerumani

Shikamooni wakubwa zangu. Nimesoma yote mliyoandika kwenye kundi la familia baada ya shemeji yenu kutuma zile picha za maboga. Shangazi kauliza kama huku watu wanafanya kazi kweli, maana kila Jumapili anatuona matembezini. Kaka kasema wanaokula bata namna hii hawawezi kukosa hela ya bati la nyumba ya Bibi. Mdogo wetu wa mwisho anataka kujua tu aje lini. Nawajibu wote hapahapa, bila kuremba.

Kwanza, Jumapili huku maduka yamefungwa kwa mujibu wa sheria. Hutanunua hata kitunguu, labda stesheni kubwa au kituo cha mafuta. Ukitoboa ukuta kwa drili, jirani atakugongea mlango. Basi unatoka. Na msimu huu majani yanapopukutika tunatoka zaidi, kwa sababu jua linatukimbia. Hapa Stuttgart mwezi wa 6 linazama kama saa 3 na nusu usiku. Mwezi wa 12, saa 10 na nusu jioni limeshakwenda. Nyie mnaoliona likizama saa 12 na kitu mwaka mzima mtaona natia chumvi. Zamu yangu kwenye nyumba ya wazee inaanza saa 12 asubuhi, kwa hiyo naondoka na giza. Shemeji yenu anafanya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Akiamka mchana na kunywa chai yake, siku ndiyo inaisha. Kuna wiki tunapishana mlangoni, mmoja anavua viatu, mwingine anafunga kamba. Daktari kaniandikia vitamini D. Jumapili ikitoka na jua, jamani, mtatukosa ndani.

Halafu, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa 10 saa zinarudishwa nyuma, na tofauti yetu na nyumbani inakuwa saa 2 badala ya 1. Simu zenu za saa 1 asubuhi zinatukuta saa 11 alfajiri. Naomba mlikumbuke hilo, Shangazi hasa.

Zile picha ni za Ludwigsburg, kama robo saa tu kwa treni kutoka Stuttgart. Kuna kasri kubwa la karne ya 18, na kwenye bustani yake kila mwaka wanafanya maonyesho ya maboga. Msifikirie boga moja moja kama la sokoni. Wanachukua maelfu ya maboga, ya njano, ya kijani, yenye chunusi, yenye shingo ya bata, wanaunda wanyama na watu warefu kuliko nyumba yetu. Mwezi wa 10 wanapima majitu yenyewe. Mengine yanapita tani moja, yanainuliwa kwa mashine, na mkulima kasimama pembeni kama mzazi wa bwana harusi. Shemeji yenu alizunguka muda mrefu akitafuta la kufaa futari. Tulinunua jekundu dogo ambalo hapa hupikwa na ganda lake. Nikalipika kwa tui la kopo na iliki. Likaja tamu, ila laini mno, halina ule unga wa boga la kwetu. Majani ya boga sijayaona yakiuzwa popote. Wanayaacha shambani! Nikiwaza hilo huwa nachoka kabisa.

Ile picha nyingine ya kilimani ni Rotenberg, hapahapa Stuttgart. Juu kuna kanisa dogo ambalo mfalme wa Württemberg, ufalme wa zamani wa huku, alimjengea mkewe Katharina, binti wa mfalme wa Urusi, aliyefariki mwaka 1819. Wote wamezikwa pale. Chini yake ni mizabibu mitupu, na majani yake sasa ni ya dhahabu. Msimu huu wenye mashamba wanaruhusiwa kuuza mvinyo wao nyumbani. Wakitundika ufagio nje, ujue wamefungua. Sisi tusiogusa pombe wala kitimoto tunaagiza juisi ya zabibu, na tunauliza kwanza ndani ya keki ya vitunguu inayoliwa na mvinyo huo kumewekwa nini. Mara nyingi jibu ni kitimoto.

Sasa hela. Matembezi haya ni ya bei nafuu, ndiyo maana tunayafanya. Tuna tiketi ya mwezi ya treni za kawaida na mabasi nchi nzima. Ilianza 2023 kwa euro 49, mwaka 2025 ikawa 58. Chapati tunabeba, chai ya tangawizi tunabeba. Kiingilio cha maboga tu ndicho kiliuma. Mshahara wa kwenye karatasi ukiusikia utapiga vigelegele, lakini kabla haujafika benki umeshapita kwenye kodi, bima ya afya, bima ya kukosa kazi, bima ya kutunzwa uzeeni, na pensheni peke yake inakata asilimia 9.3. Unaobaki unalipia pango. Kuna hata ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Na kipindi hiki tunaanza kuwasha hita huku tukiogopa hesabu ya mwaka ya gharama za joto na maji kutoka kwa mwenye nyumba. Kaka, hela ya bati ipo, lakini inakwenda nusu nusu. Nusu mwezi huu, nusu baada ya hiyo hesabu. Ukimlipa fundi yote mapema, shauri yako.

Mdogo wangu, wewe jifunze Kijerumani kwanza, ufike kiwango cha B2, yaani uweze kuongea na kusoma bila kukwama, usimsikilize wakala anayekwambia utajifunzia hukuhuku. Ukija kwa mafunzo ya uuguzi, ni miaka 3, unalipwa ukiwa unasoma, na kazi ni ngumu: kuinua watu, kuogesha watu, kufiwa na watu uliowazoea. Shule nyingi zinapokea wanafunzi mwezi wa 4, na tena mwezi wa 9 au wa 10. Chagua wa 4, usije ukaanza na giza.