Re: Ndege anayeiga sauti za wenzake hufundishwa na nani?

Ndugu, umeuliza kama kinda wa ndege anayeiga sauti za wenzake hufundishwa na baba yake. Kwa spishi moja niipendayo mno, hapana. Ni kindege cha kahawia chenye uzito wa gramu 12 hivi, kwa jina la kisayansi Acrocephalus palustris. Huzaliana Ulaya, na baridi ikikaribia huja huku kwetu. Pale Ngulia, Tsavo Magharibi, hunaswa kwa wingi usiku wa ukungu na kuvishwa pete mguuni ili watafiti wamtambue.

Mwaka 1979 mtafiti wa ndege Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha utafiti wake wa Ubelgiji. Katika nyimbo za madume alitambua sauti za spishi 212, na 113 kati ya hizo ni za Afrika! Dume mmoja huiga wastani wa spishi 76 hivi. Yaani mbayuwayu wa Ulaya na shore wa vichaka vyetu hukutana ndani ya koo moja.

Hujifunza katika mwaka wake wa kwanza tu, kwa kusikiliza majirani kila anapotua. Kwa hiyo ukimrekodi akiimba Ubelgiji, unaweza kukisia alikopita. Mimi hilo hunisisimua kila nikilifikiria.