Uamuzi Mgumu wa Mkutubi Hufanywa Kabla Msomaji Hajafika Kaunta

Mume anafika kaunta na kadi ya mkewe. "Naomba nijue ameazima vitabu gani, nivirudishe vyote kwa pamoja." Ameomba kwa adabu, foleni nyuma yake ni ndefu, na jibu liko kwenye skrini. Mhudumu ana sekunde chache tu. Kama maktaba haijamwekea utaratibu, ataisoma orodha kwa sauti, na huenda ndani yake kuna kitabu cha sheria ya talaka, au cha ugonjwa ambao mwenye kadi hajamweleza mtu yeyote.

Tukizungumzia maadili ya ukutubi, aghalabu tunasifu ujasiri: mkutubi aliyesimama imara, aliyekataa. Ujasiri ni mzuri, ila si kitu cha kumdai mhudumu aliyeajiriwa juzi. Kinachomsaidia ni kazi ya kuchosha iliyofanyika miezi kadhaa nyuma: rekodi gani zinawekwa, zinafutwa lini, nani anaruhusiwa kuziona, na yeye aseme nini akiulizwa. Kwa yule mume, jibu liwe limeshaandikwa: "Rekodi za uazimaji tunampa mwenye kadi peke yake. Vitabu ulivyonavyo lete, tutavipokea bila kadi." Asikilize, aondoke, foleni iendelee.

Kanuni rasmi zipo. Shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lilipitisha zake mwaka 2012; chama cha wakutubi cha Marekani kilikuwa nazo tangu 1939. Zisome. Lakini zinakutaka ulinde faragha na pia uwe muwazi, umtetee msomaji na pia umtumikie mwajiri. Pale mawili yanapogongana, unabaki na akili yako na utaratibu wa maktaba yako.

Usichokuwa nacho hakuna wa kukudai

Kabla ya kompyuta, maktaba nyingi zilitumia mfumo wa Browne: kadi ya kitabu inaingizwa kwenye tiketi ya msomaji, kitabu kikirudi vinatenganishwa, na hakuna alama inayobaki. Mfumo wa Newark ulikuwa kinyume chake. Namba au jina la msomaji liliandikwa kwenye kadi ya kitabu, na kadi ikirudi mfukoni mwa kitabu, anayefuata anasoma waliomtangulia. Programu za leo, zikiachwa zilivyosakinishwa, zinakaribia zaidi Newark: zinakumbuka kila kitu, na hakuna aliyeketi akaamua iwe hivyo.

Kama mnatumia Koha, programu ya kuendeshea maktaba, hatua ni hizi. Sajili msomaji bandia, kisha weka namba yake katika mpangilio wa AnonymousPatron. Uazimaji wa zamani utahamishiwa kwake, na bila yeye kazi inaweza kukwama. Washa OPACPrivacy ili msomaji mwenyewe achague historia yake ibaki au ifutwe kila anaporudisha. Halafu fundi apange skripti ya batch_anonymise.pl ijiendeshe kila usiku, na idadi ya siku mliyokubaliana. Siku 30 baada ya kitabu kurudi zinatosha kabisa kwa migogoro ya kurasa zilizochanika. Mkiogopa kumkosa aliyeharibu kitabu, upo mpangilio wa StoreLastBorrower unaomkumbuka mrudishaji wa mwisho hadi mwingine amrithi. Hiyo ndiyo kumbukumbu ndogo kuliko zote inayotatua tatizo lenu, kwa hiyo historia ya miaka mitano haina utetezi.

Sasa mahali ambapo watu hujidanganya kwamba wamefuta. Kwanza ni daftari la matukio la mfumo: IssueLog ikiwa imewashwa, kila uazimaji unaandikwa huko pamoja na namba ya msomaji, na skripti ya juu hailigusi. Pili, maelezo ya faini hubeba jina la kitabu, na faini isiyolipwa hukaa miaka. Tatu, nakala za akiba za data ya mfumo (backup). Ukiwa na nakala za miezi 24 nyuma, sera yako ya siku 30 ni ya karatasini tu. Punguza muda wa kuzitunza, au angalau ujue zipo kabla hujamwambia mtu "hatuna".

Karatasi nazo zinasema. Rafu ya vitabu vilivyowekewa oda, kila kimoja na karatasi yenye jina kamili, ni tangazo la hadharani. Tumia tarakimu nne za mwisho za kadi. Ujumbe wa kukumbusha deni uandike "una kitabu 1 kilichochelewa" bila jina la kitabu, kwa sababu simu ya mtu huokotwa na wengi nyumbani. Na lile daftari la kujiandikisha kutumia kompyuta, ambalo kila anayesaini anawasoma waliosaini juu yake? Libadilishe kwa vipande vya karatasi vinavyochanwa jioni.

Onyo moja, na hili si la mjadala. Kufuta kwa ratiba iliyoandikwa ni utaratibu wa kawaida. Kufuta baada ya kusikia kwamba mtu anaitaka rekodi ni kuharibu ushahidi, na hapo mkutubi ndiye anayekuwa mtuhumiwa. Ombi likishafika, simamisha ufutaji wa kile kilichoombwa na umwite mwanasheria.

Akija mwenye mamlaka

Mhudumu wa kaunta asikubali wala asikatae. Kazi yake ni moja: kuandika jina, cheo na ofisi ya aliyekuja, na kumwita msimamizi. Msimamizi aombe amri kwa maandishi, aipeleke kwa mwanasheria wa taasisi, na yasomwe mambo matatu: nani amesaini na kama sheria inampa uwezo huo, ni rekodi gani hasa, na ni za kipindi gani. Kitolewe kilichoandikwa, basi. Wengi hukosea hapa kwa ukarimu: amri inataka rekodi za siku moja, fundi anachapisha za mwezi mzima kwa kuwa ndivyo ripoti inavyotoka.

Mwaka 2005 wakutubi wanne wa jimbo la Connecticut, Marekani, walipokea barua ya FBI ikidai taarifa za matumizi ya kompyuta za maktaba, na ikiwakataza hata kusema kwamba wameipokea. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2006 serikali ikaachana na dai hilo. Hawakuanza kwa kusema hapana kaunta. Walianza kwa kumtafuta mwanasheria. Ziko nchi ambazo njia hiyo ni nyembamba au haipo, na huko kinga pekee ya kweli ni ile sehemu ya kwanza: kutokuwa na rekodi.

Wanaokusumbua kila siku, hata hivyo, si polisi. Ni mhadhiri anayetaka kujua wanafunzi gani hawakufungua kitabu alichoagiza. Mpe idadi, usimpe majina. Na darasa likiwa dogo, hata idadi inataja watu: "wawili kati ya watatu" si takwimu tena. Weka kiwango, kwa mfano hakuna hesabu inayotoka ikiwa ni chini ya watu watano.

Mzazi ni mgumu zaidi, maana ndiye anayelipa faini na ana haki zake. Umri ambao mtoto anapata faragha yake hutofautiana kisheria nchi hadi nchi, lakini fomu ya uanachama iko mikononi mwako. Ongeza mstari unaoeleza mzazi ataona nini (idadi ya vitabu na deni, au majina pia), wausome wote wawili, wasaini wote wawili. Ugomvi mwingi huishia kwenye mstari huo.

Swali linalokutia wasiwasi

Mwaka 1975 mtafiti wa Marekani, Robert Hauptman, alizunguka maktaba 13 kwa majaribio, akiomba msaada wa kupata maelezo ya kutengeneza bomu la kulipua nyumba. Hakuna aliyemkataa kwa sababu ya maadili. Wapo wanaolitumia tukio hilo kudai kwamba wakutubi hawana dhamiri. Sisi hatuoni hivyo. Mkutubi hana kipimo cha nia, na akijipa kazi ya kupima, atapima kwa mavazi, lafudhi na umri.

Uliza maswali yanayosaidia kutafuta: unahitaji kwa kiwango gani, cha mwanzo au cha kitaalamu, kwa lugha gani, cha mwaka gani, utasoma hapa au utaazima. "Kwa nini unataka kujua?" lisiulizwe. Mtu mwenye aibu ya ugonjwa ataondoka, na mwenye nia mbaya atakudanganya. Ila mtu akitamka kwamba anataka kujidhuru au kumdhuru mwingine, hilo limeshatoka kwenye huduma ya marejeo. Fuata utaratibu wa dharura na umwite anayehusika mara moja.

Kwa maswali ya dawa na sheria, onyesha chanzo, toleo na mwaka, hata msomee kifungu kama haoni vizuri. Usitafsiri maana yake kwake. Kosa huanzia kwenye sentensi ya huruma: "Kwa hiyo wewe kesi yako itashinda tu."

Kitabu kinapolalamikiwa

Malalamiko yapokelewe kwa fomu ya ukurasa mmoja: umekisoma chote, ukurasa gani umekukera, unataka kifanyweje. Kitabu kinabaki rafuni hadi uamuzi utoke. Kamati iwe ya idadi isiyogawanyika kwa mbili, kila mjumbe akisome kizima, na jibu la maandishi litoke ndani ya muda uliotajwa. Tumeona fomu peke yake ikipunguza malalamiko, kwani swali la kwanza huwanyamazisha wengi. Na msikiondoe kitabu chenye mgogoro kwa kisingizio cha kupunguza vitabu chakavu. Tarehe za rejista zitawaumbua.

Udhibiti mkubwa zaidi hauna mlalamikaji. Ni kalamu ya mkutubi mwenyewe juu ya orodha ya manunuzi, akivuka kimyakimya kile kinachoweza kuleta kelele. Mara moja kwa mwaka, chukua orodha ya vilivyokataliwa, ambayo lazima iwe inatunzwa pamoja na sababu, na mwenzako asiyehusika na manunuzi aisome. "Bei kubwa" ikijirudia kwenye mada moja tu, hapo kuna la kuzungumza.

Kuhusu zawadi za wauzaji, maneno ni machache: rejista moja, kila kitu kiandikwe, na aliyepokea asitoe alama kwenye zabuni ya aliyempa. Mkataba wa vitabu vya kielektroniki ndio unaohitaji muda wenu. Kabla ya kusaini, muuzaji ajibu kwa maandishi anakusanya nini kuhusu wasomaji, anakitunza muda gani na anampa nani. Kisha muulize kama msomaji anaweza kuingia kupitia anwani ya IP ya mtandao wa taasisi bila kufungua akaunti yenye jina na barua pepe yake. Akisema haiwezekani, omba aandike sababu, na muiweke kwenye jalada la mkataba kwa ajili ya siku ya kuuhuisha.